Sauti Thelathini za Wamaza

Kasongo, tarehe 4 Februari 2024

Yaya Atumani, kaka yangu,

Asalam aleikum. Natumaini Mama anaendelea vizuri na watoto wa darasa lako hawajakumaliza nguvu. Mimi niko mzima. Leo sikuandikii barua ya salamu tu. Nina kazi ya kukupa, na ni kubwa.

Unajua memwari yangu, ile kazi ya mwisho ya masta. Profesa Marcellin amekubali mada. Ninataka kutengeneza programu ya simu inayosikia Kibangubangu. Mama mjamzito anafika kituo cha afya, muuguzi ametoka Kindu au Goma, hawasikilizani lugha. Mama anaiambia simu "tumbo", "damu", "tangu jana", na simu inamwandikia muuguzi maneno hayo kwa Kifaransa. Ni hivyo tu. Unakumbuka Mama Mdogo alivyoongea mchana kutwa pale kituoni, na muuguzi akamwandikia dawa ya minyoo. Tulimzika Alhamisi.

Shida ni kwamba mashine haijui lugha yetu hata kidogo. Kwa Kifaransa kuna rekodi za maelfu ya watu. Kwa Kibangubangu hakuna kitu. Lazima isikie watu, wanaume na wanawake, wazee na vijana, ili siku nyingine ikikutana na mtu mpya imwelewe. Ninahitaji watu thelathini. Kila mtu aseme maneno arobaini niliyoyaandika kwenye karatasi, kila neno mara tatu. Profesa amesema chini ya thelathini hapokei. Nitaitetea kazi hii mbele ya maprofesa mwezi wa saba.

Nimempa Heri, yule motari anayepita kwenu na pikipiki yake, simu moja ndogo, kadi mbili za kuhifadhia sauti na sahani ya jua ya kuchajia. Andika jina la kila mtu na umri wake. Wa kwanza awe Mama. Nina hamu ya kumsikia.

Mdogo wako,
Djamila

*

Wamaza, tarehe 27 Februari 2024

Mdogo wangu Djamila,

Aleikum salam. Simu imefika, na kazi nimeianza. Ninakutumia kadi ya kwanza, watu wanane. Karatasi ya majina iko ndani ya bahasha. Wengine walicheka sana walipojisikia. Mzee mmoja aliniuliza kama mashine yako itamlipia kodi, kwa kuwa sasa inaijua sauti yake.

Mama hayumo kwenye kadi hii. Ana kikohozi, sauti imekauka, nikaona tusimsumbue. Anakusalimu sana. Anasema ule, usisome mpaka ukakonda.

Hapa hakuna jipya. Mvua ni nyingi. Shule inaendelea.

Usiwe na wasiwasi na jambo lolote. Wewe andika kazi yako.

Kaka yako,
Atumani

*

Kasongo, tarehe 12 Machi 2024

Yaya,

Nimesikiliza sauti zote nane mara mbili. Aksanti haitoshi. Nilipomsikia yule bibi wa kwanza akisema "maji" nilizima mashine nikatoka nje kidogo.

Nina maswali matatu. La kwanza, kuanzia mtu wa tatu kuna mlio nyuma, kama chuma kinaponda kitu kigumu, hausimami. Ni nini? Unanichafulia rekodi. Kama unaweza, sogea mbali nao.

La pili, redio hapa ilisema mwezi uliopita kulikuwa na fujo upande wa Kabambare, watu wenye silaha waliingia vijiji fulani. Hawakutaja majina. Ni karibu na kwenu? Niambie kweli.

La tatu, Mama. Kikohozi kimeisha?

Bado watu ishirini na wawili. Profesa ananiuliza kila wiki. Nisaidie, Yaya. Wenzangu wanne wa promosheni yetu, tulioanza masomo pamoja, wamekwisha kumpa sura ya tatu.

Djamila

*

Wamaza, tarehe 2 Aprili 2024

Djamila,

Mlio ni mashine ya kusaga mahindi. Jirani ameinunua. Nimejaribu kusogea.

Fujo zilipita mbali na sisi. Watu wa redio wanapenda kutisha.

Mama amepona, lakini ameenda kwa dada yake kusaidia kuvuna mpunga. Akirudi nitamrekodi. Usimngoje yeye ili kuendelea, tafadhali. Hapa kuna kadi yenye watu ishirini na wawili. Sasa umepata thelathini zako. Fanya kazi.

Atumani

*

Kasongo, tarehe 23 Aprili 2024

Atumani,

Ninakuandikia nikiwa na hasira, kwa hiyo nisamehe mwandiko.

Nilifundisha mashine kwa sauti za watu ishirini na wanne. Sita niliwaweka kando ili niijaribu nao, watu ambao haijawahi kuwasikia. Kwa kazi kama hii, mtu akipata maneno sabini kwa mia anashukuru Mungu. Mimi nilipata tisini na sita. Nilikimbia mpaka ofisini kwa Profesa. Nilikuwa kama mwehu wa furaha.

Aliangalia namba kwa muda mrefu. Akaniuliza, "Djamila, hawa watu ni ndugu?"

Nikasema, "Wengine, Profesa. Kijiji ni kimoja."

"Hata mapacha hawafanani hivi. Rudi ukahesabu watu wako."

Sikuelewa. Nikarudi nyumbani, nikaandika programu nyingine ndogo ambayo haijali maneno, inalinganisha sauti za koo tu: nani ni nani. Niliipa sauti thelathini. Ikanirudishia watu saba.

Saba, Yaya. Wawili wa kwanza ni watu wawili. Ishirini na wanane waliobaki ni watu watano wanaobadilisha sauti, mara nyembamba, mara nzito, mara wanakohoa kama wazee. Mmoja wao ni wewe. "Bwana Ramazani, miaka sabini na moja" ni wewe! Nilikusikiliza wiki mbili nzima bila kukutambua, mpaka mashine iliponionyesha. Na mwingine hata Kibangubangu hakijui. Anayasema maneno yetu kama mtu wa Butembo anayesoma karatasi.

Nikamkamata Heri pale sokoni. Alizungukazunguka, mwishowe akasema barua zako hazichukui Wamaza. Anazichukua Salamabila, kwenye machimbo.

Basi nimeelewa. Umeacha watoto wa darasa lako ukaenda kuchimba dhahabu. Ule mlio si mahindi, ni mawe. Mama umemwacha na nani? Na mimi umenifanyia sauti za uongo jioni moja tu, ukanywa kitu na rafiki zako. Ungekataa tu. Ungeandika, "Djamila, sina nafasi." Ningelia siku moja ikaisha. Sasa kama kazi hii ingeingia kituo cha afya, mama angeongea na simu ikasikia kitu kingine, na wewe unajua kwetu hilo linaishia wapi.

Jibu ukweli, au usijibu.

Djamila

*

Salamabila, tarehe 9 Mei 2024

Djamila mdogo wangu,

Sijashika sururu hata siku moja. Lakini ni kweli niko Salamabila, tangu tarehe ishirini mwezi wa pili. Ninakaa nyuma ya mashine ya kusaga mawe, na ndiyo uliyoisikia.

Simu yako ilinifikia Wamaza Jumamosi. Jumapili na Jumatatu nilirekodi watu wawili. Hao ni wa kweli, na majina yao ni ya kweli. Mama nilimpangia Jumanne, akitoka shambani.

Jumanne, saa nne asubuhi, tulikuwa kwenye hesabu. Nilikuwa nimegeukia ubao. Nikasikia risasi upande wa soko, nikafikiri ni pikipiki. Mtoto mmoja akaniambia, "Mwalimu, si pikipiki." Nikawatoa kwa dirisha la nyuma. Walikuwa ishirini na saba. Tuliingia porini na hatukurudi nyuma kuangalia. Moshi tuliuona. Tulitembea siku sita, wazazi wengine wakatukuta njiani, wengine walikuwa wametangulia huku. Watoto wote walifika.

Shamba la Mama, unalijua, liko ng'ambo ya pili. Kwenda kwake ilikuwa kuwaacha watoto au kuwapitisha katikati ya risasi. Nilisimama pale. Sijui kama ni dakika moja au kumi. Kisha nikawafuata watoto.

Sijui Mama yuko wapi, Djamila. Nimeuliza kila mtu anayefika. Wengine wanasema walimwona akikimbia na jembe mkononi. Wengine hawakumwona. Nimerudi mara moja mpaka karibu na kijiji, askari wakanifukuza.

Simu yako ilikuwa mfukoni mwangu. Nilipofika hapa nikawaza: nikimwambia, ataacha masomo, atapanda pikipiki aje kutafuta, na njia ile inaua. Uliandika Profesa hapokei chini ya thelathini. Watu wa Wamaza walikuwa wametawanyika, na waliokuwa hapa hakuna aliyetaka kusemea kwenye simu. Waliogopa ni upelelezi. Nikamwomba Fifi, mke wa jirani. Nikamwomba Viviane anayeuza mikate, na Mzee Michel. Katembo, mfanyabiashara wa betri, ndiye mtu wako wa Butembo. Alijifunza maneno yote arobaini kwa siku mbili, maskini, alitaka kusaidia. Hatukunywa kitu. Fifi alilia alipofika kwenye neno "nyumbani", ikabidi turudie.

Huku netwaki ipo. Mara nyingi nilishika simu nikupigie. Nilijua ungenisikia tu nikisema "halo" ungejua. Ndiyo maana niliandika.

Nipigie kama unataka kunitukana. Namba iko nyuma ya karatasi hii.

Atumani

*

Kasongo, tarehe 17 Mei 2024

Atumani,

Sitakupigia, na wewe usinipigie. Nimekusikia vya kutosha mwaka huu, kwa majina sita tofauti.

Kuhusu watoto ishirini na saba, ulifanya kile ambacho mwalimu anapaswa kufanya. Kwa siku ile sikulaumu. Ningekuwa pale ningesimama kama wewe.

Ninakulaumu kwa zilizofuata. "Mama anakusalimu sana." "Anasema ule." Uliyatoa wapi maneno hayo? Miezi mitatu nilikuwa ninakula, ninalala, ninacheka na wenzangu, na yeye hayupo popote. Watu wa upande wenu wamekuwa wakiingia Kasongo tangu Februari. Wanapita mbele ya chuo na magodoro yao kichwani. Mimi nilipita katikati yao nikiwa na haraka ya kwenda kuchaji mashine, sikuuliza hata mmoja. Kwa nini niulize? Mama alikuwa anavuna mpunga.

Na mimi nina langu. Profesa hakusema thelathini. Alisema kumi na tano zinatosha kwa masta. Thelathini ni mimi niliyeiandika, kwa sababu niliitaka alama kubwa, na nilijua nikikwambia Profesa anadai, wewe hutabisha. Sasa unajua.

Jana nilienda kumweleza yote. Nilifikiri atanifukuza. Aliniuliza, "Umekuja kuniomba nini?" Nikasema, "Unitoe kwenye orodha ya mwezi wa saba." Akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya jina langu, akasema, "Sauti mbili za kwanza zihifadhi. Nyingine zifute, na uandike kwenye kazi yako kwamba ulizifuta na kwa nini." Kisha akaniambia wengi wa Wamaza hawakufika Kasongo. Waliishia Lusangi.

Ninaondoka kesho na Heri. Nina simu ya kurekodi, kwa kuwa ndiyo sababu ninayoweza kuwaambia watu njiani. Lakini siendi kwa ajili ya sauti.

Djamila

*

Lusangi, tarehe 24 Mei 2024

Atumani,

Mama yuko hai.

Ninaiandika peke yake kwanza, ili uisome, uketi, kisha uendelee.

Tulifika hapa siku ya pili, mvua ilitulaza njiani. Niliomba ruhusa kwa wakubwa wa mahali, nikakaa uwanjani kwenye shule ambako wakimbizi wanagawiwa unga. Kabla ya kumrekodi mtu nilikuwa ninamwuliza jina, kijiji, na alikuja na nani. Mtu wa nne alikuwa mwanamke anaitwa Aimée. Nilipomwambia jina langu, akafunika mdomo.

"Wewe ni wa Mwalimu Atumani?"

"Ndiyo."

"Mama yenu iko kwa Célestine, nyuma ya kanisa. Ametukataza kusema."

Nilikimbia, Yaya. Niliacha simu, niliacha viatu. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka nje ya nyumba ndogo ya udongo, anachambua maharage. Aliniona tangu mbali na hakusimama. Nilipoanguka miguuni pake aliniwekea mkono kichwani, akauliza:

"Umemaliza kitabu chako?"

"Bado, Mama."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

Hakusimama kwa sababu hawezi. Siku ile alikimbia na wanawake watatu, wakavuka kijito, akateleza kwenye mawe, mguu wa kulia ukavunjika chini ya goti. Walimbeba kwa zamu mpaka barabarani, baadaye mtu wa baiskeli akamleta huku. Célestine hakuwa anamjua. Ni Mkristo, mjane, ana watoto wake wanne. Alimwona amelazwa kwenye kibaraza cha kanisa, akamchukua. Anampikia, anamwogesha, na saa ya swala anamgeuzia mkeka upande unaofaa. Alifunga mguu kwa vijiti, alivyojua. Mfupa umeunga, lakini umeunga upande. Muuguzi wa hapa amenionyesha kwa kidole pale ulipokosea. Akasema kama angepelekwa hospitali Kasongo wiki ile ya kwanza, ungenyooka. Sasa atatembea kwa fimbo.

Nilimwuliza Célestine kwa nini hakunitumia hata neno. Kasongo si mbali. Akasema, "Nilitaka. Mama alikataa kila mara. Anasema mutoto wake anaandika kitabu, akisikia ataacha."

Nikamgeukia Mama. "Nani alikuambia ningeacha?"

"Wewe ni mutoto wangu," akasema, na akarudi kwenye maharage yake.

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Wewe Salamabila unanificha Mama, Mama huku ananificha yeye mwenyewe, wote kwa ajili ya memwari ambayo mimi niliwadanganya ukubwa wake. Ungesema Februari, ningefika Februari. Na kama nisingetaja thelathini, labda ungesema. Ninageuza jambo hili kila upande na sipati mahali pa kuliweka.

Alijua uko hai. Watu walimwambia mwalimu alipita na watoto. Nilipomweleza kuhusu barua zako aliomba nimsomee. Nimezisoma zote, alinisikiliza mpaka mwisho, akaomba maji.

Nitabaki hapa mpaka aweze kupanda pikipiki. Watu kumi wamekubali kurekodiwa. Ninawaeleza kwanza ni ya nini, na anayekataa ninamwacha.

Djamila

*

Salamabila, tarehe 11 Juni 2024

Djamila,

Barua yako niliipata nikiwa darasani. Watoto wa Wamaza tumewafungulia darasa chini ya turubai. Niliusoma mstari wa kwanza, nikawaambia watoto watoke wakacheze, na hawakutaka kutoka kwa sababu waliniona.

Nilitaka kuja siku ileile. Njia imefungwa tangu wiki iliyopita, hata Heri ametulia hapa na pikipiki yake; barua hii nimemwomba rubani wa ndege ya mgodi, isiyobeba abiria. Ikifunguka nitakuja.

Ule mguu. Siwezi kuandika juu ya ule mguu.

Maneno niliyomwekea mdomoni niliyatoa kwenye kumbukumbu, ndivyo alivyokuwa akisema ukiondoka kwenda masomo. Nilikuwa nikiyaandika ninamsikia. Labda niliyahitaji mimi kuliko wewe.

Célestine mwambie sina maneno ya kumwambia. Na Mama anasema nini juu yangu? Andika kama alivyosema, hata kama ni mabaya.

Atumani

*

Kasongo, tarehe 19 Novemba 2024

Yaya,

Najua nimekaa kimya miezi mitano, na najua njia bado imefungwa; hii nayo itakuja na ndege ya mgodi. Mama niko naye hapa Kasongo tangu Julai, tunakaa chumba kimoja.

Nimetetea jana. Sauti kumi na saba, kila moja na mtu wake. Mashine inasikia maneno hamsini na nane kwa mia, na wanawake wazee inawakosea zaidi kuliko wote, yaani wale niliowatengenezea. Mmoja wa juri akaniuliza kwa nini ukurasa wa ishirini na mbili unasema nilitupa rekodi za watu ishirini na wanane. Nikajibu, "Hawakuwa watu ishirini na wanane. Watu wenyewe walikuwa wanakimbia." Nimepita, bila alama ya sifa. Profesa amesema niendelee na kazi hiyo mwakani, kwa kuwa bado haifai kuwekwa mbele ya mgonjwa. Ni kweli, haifai.

Uliniuliza Mama anasema nini juu yako. Nilimwuliza tangu Juni, akawa hataki. Leo asubuhi ameniita, akasema nichukue kalamu. Amenikataza kurekebisha neno. Ni haya.

D.

*Atumani mutoto wangu,*

*Niko muzima. Muguu unanifikisha mulangoni, na siku zingine mpaka barabarani. Djamila alitaka tukupigie simu, nimekataa. Kwenye simu utalia, na mimi nitaanza kukunyamazisha kama wakati ulikuwa mudogo, na maneno yangu yatabaki ndani.*

*Watoto ishirini na saba uliwavusha. Wazazi wengine wamefika Kasongo, wanakuja hapa kunipa mukono, wanasema aksanti. Ninaipokea, sababu ni yako na wewe hauko. Usifikiri jambo ile siioni. Kama ungewaacha ukanifuata mimi, ningekufukuza kwa jembe.*

*Lakini barua zile nimezisikia zote. Uliandika ninakohoa. Uliandika nimeenda kuvuna. Wakati ule nilikuwa chini kwa Célestine, ninauma nguo ili watoto wake wasiamke. Haukujua kama niko hai, na uliniandika niko hai, na mvua ni nyingi, na shule inaendelea. Ile inaniuma kuliko mufupa.*

*Mimi pia nilificha. Djamila ananitazama sasa ninaposema, acha atazame. Mimi nilificha maumivu yangu, ni yangu. Wewe ulificha mutu.*

*Djamila ameniuliza kama nimekusamehe, ili aandike. Nimemwambia aandike "bado".*

*Usinitumie mutu, usinitumie kitu. Njia ikifunguka kuja wewe mwenyewe. Utakaa mbele yangu, utaniambia siku ile tangu asubuhi, bila kuruka. Na mimi nitakuambia yangu. Kisha tutaona.*

*Mama yako,*
*Zaituni*